Bunduki ya mtumba na rangi ya njano



Wapendwa wasomaji wetu wa kila juma, wengi wenu mtashangaa kukuta habari za bunduki katika ukurasa huu. Hata sisi tumeshangaa. Lakini kwa Jumamosi tatu mfululizo karakana ya nyumba ya mapadri imenukia grisi, na baadhi yenu mmekwisha kuuliza kulikoni. Ni heri tujieleze wenyewe kabla habari haijatiwa chumvi.

Kijana mmoja wa parokia yetu hapa Ohio, mwenye umri wa miaka 15, alinunua bunduki ya peintiboli kwa dola 25 kutoka kwa jirani aliyekuwa ameanika vitu vyake vya zamani mbele ya nyumba. Peintiboli ni ule mchezo wa kurushiana vidonge vya rangi. Kidonge kikimpasukia mtu, hutoka mchezoni. Bunduki yenyewe ni Tippmann 98, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, nayo inasifika kwa kuvumilia matope na mikono ya wasiojua. Hii ilikuwa ikivuja gesi, na mtutu wake umeganda rangi ya miaka mingi. Kijana alituletea kwa sababu alisikia kwamba tulipokuwa seminarini tulikuwa tukifungua pampu ya maji na kuirudisha ikafanya kazi. Tulikubali upesi, kwa majivuno kidogo, bila kumwuliza kwanza mama yake. Habari ya kosa hilo inakuja.

Kijana alikuja na orodha: mtutu mrefu, darubini, kitako cha kijeshi, na kasha la risasi la bandia lisilo na kazi yoyote ila kupendeza macho. Tukamwuliza ni kipi kati ya hivyo kitakachozuia gesi kuvuja. Hakujibu. Ndiyo maradhi ya kila anayeanza, nasi hatujitoi: hutaka kuipamba nyumba ambayo paa lake linavuja.

Kwa maoni yetu fedha ya kwanza ni ya barakoa, hata ikigharimu kuliko bunduki. Kidonge hutoka mtutuni kwa mwendo ambao viwanjani hauruhusiwi kupita futi 300 kwa sekunde, yaani meta 91 hivi, na jicho halina kipuri. Miwani ya jua haifai, wala ile ya fundi seremala. Barakoa ya zamani iliyokuja na bunduki ilikuwa na kioo chenye mikwaruzo. Tuliitupa jalalani mbele ya macho yake, naye alinuna hadi jioni.

Fedha ya pili ni ya mtungi wa gesi. Kaboni dioksidi iliyomo ndani, katika joto la kawaida la chumbani, ina msukumo unaozidi mara 20 ule wa tairi la gari. Mitungi mikubwa ya namna hii hupimwa upya kila baada ya miaka 5, na tarehe ya kipimo imegongwa katika chuma chenyewe. Tarehe ya mtungi wetu ilikuwa imepita zamani, basi haukutiwa gesi tena. Tena kuna hatari ambayo mgeni haijui. Akitaka kuutoa mtungi kwenye bunduki, anaweza kuukuta mtungi unazunguka peke yake huku valvu yake imebaki imeshikwa na bunduki. Akiendelea kuzungusha, mtungi huchomoka kwa nguvu kama kombora. Ajali za namna hiyo zimekwisha kuua watu katika nchi hii. Dawa yake ni mstari mmoja wa rangi uliopigwa kutoka shingo ya mtungi hadi kwenye valvu: mstari ukikatika, acha mara moja, mpelekee fundi.

Baada ya hayo, kufungua ni kazi ya ufunguo wa alenki na subira. Mtungi hutolewa kwanza, na gesi iliyosalia ndani huishia hewani kwa kufyatua bunduki tupu kuelekea mahali pasipo na mtu. Mwili wake ni nusu mbili za alumini. Sisi tulizitenganisha kwa haraka, springi moja ikaruka chini ya gari, tukaitafuta kwa magoti saa nzima. Uvujaji wenyewe ulitokana na oringi, ile pete ndogo ya mpira, iliyokauka na kupasuka. Bei yake ni senti chache. Tukaweka mpya, tukadondosha matone machache ya mafuta ya bunduki za hewa, nayo ikanyamaza.

Ndipo tulipofika kwenye ubishi. Kijana alitaka ifanane na bunduki ya askari, nyeusi tupu. Sisi tulikataa, na hapa hatuna budi kusema waziwazi. Tarehe 22 Novemba 2014 mjini Cleveland, katika Ohio hii hii, Tamir Rice, mtoto mweusi wa miaka 12, alikuwa bustanini na bastola ya kuchezea ambayo alama yake ya rangi ya machungwa haikuwapo tena. Polisi alimpiga risasi sekunde chache tu baada ya gari lao kufika, na mtoto akafa siku iliyofuata. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1988 inadai alama hiyo katika bunduki za kuchezea, lakini bunduki za peintiboli hazimo katika sharti hilo. Basi mzazi asingoje sheria imkingie mwanawe.

Kijana alidai kwamba bunduki ya rangi isiyofanana na bunduki si mchezo. Tukamsimulia asili yake. Mwaka 1981 huko Henniker, New Hampshire, watu 12 walicheza mchezo wa kwanza kwa bastola za Nelspot 007, chombo cha kutilia alama miti na ng'ombe. Aliyeshinda, Ritchie White, alikuwa mtu wa misitu, naye hakufyatua hata kidonge kimoja. Kijana akacheka, akachagua njano. Tulisugua alumini kwa msasa laini, tukaziba matundu yote ili rangi isiingie ndani, tukapuliza tabaka nyembamba tatu.

Mama yake, aliyekimbia vita Kivu, alikuja Jumamosi ya pili. Alisimama mlangoni asiingie.

"Baba Padri, nyinyi munaona mchezo," alisema. "Miye naona kile kitu."

Tulimwomba radhi, na tunaiandika hapa radhi hiyo ili isiwe ya faraghani tu. Yalipita majuma mawili kabla hajakubali, tena kwa masharti: bunduki isilale nyumbani kwake, isafiri ndani ya begi, mtungi ukiwa umetolewa na mtutu umevikwa soksi yake. Sasa inakaa kabatini kwetu.

Jumamosi ijayo kijana anakwenda uwanjani kwa mara ya kwanza. Mama amesema atampeleka mwenyewe, ila atangoja garini, vioo vikiwa vimepandishwa.