Rosetta Tharpe Asikalishwe Barazani

Asomaye tarikhi ya muziki wa roki hukutana kwanza na Elvis Presley na Chuck Berry, ambao haki yao sina nia ya kuipunguza, lakini Sister Rosetta Tharpe, kama anatajwa, hutajwa kwa sentensi moja ya heshima, kisha habari zikaendelea bila yeye.

Mwanamke huyu, aliyezaliwa mwaka 1915 katika mji mdogo wa Cotton Plant, Arkansas, akalelewa na mama mhubiri katika madhehebu ya Wamarekani Weusi yasiyoona haya kumtukuza Mola kwa ala na makofi, alishika gitaa angali mtoto. Na mwaka 1938, alipoanza kurekodi kwa kampuni ya Decca na kuziimba nyimbo za dini katika ukumbi wa starehe wa Cotton Club, New York, waumini wengi walighadhibika. (Katika kusahauliwa kwake, kanisa nalo lina sehemu yake ya lawama.) Hata hivyo, mwaka 1945 santuri yake "Strange Things Happening Every Day" ilifika nafasi ya pili katika orodha ya Billboard ya muziki wa Weusi, miaka 9 kabla Presley hajatoa santuri yake ya kwanza.

Mwenye shaka na aitazame filamu ya mwaka 1964, iliyopigwa katika stesheni ya reli iliyokwisha kuachwa, mjini Manchester, Uingereza, ambamo bibi huyu, amevaa koti zito kwa ajili ya mvua na baridi, analipiga gitaa jeupe la umeme ambalo halimsindikizi mwimbaji tu, bali hujibizana naye, humkatiza, na mara nyingine humshinda. Na hiyo ndiyo kazi ya gitaa katika roki hata leo. Little Richard mwenyewe alisimulia kwamba Rosetta ndiye aliyempandisha jukwaani, mjini Macon, mwaka 1947, alipokuwa kijana asiyejulikana.

Alifariki mwaka 1973, na kaburi lake likakaa bila jiwe kwa zaidi ya miaka 30. Jumba la Heshima la Roki, lililoanza kuwatunuku watu mwaka 1986, lilimkumbuka mwaka 2018, tena katika fungu la watangulizi walioathiri wenzao. Hapo ndipo nisiporidhika, kwa kuwa mtangulizi ni mtu aliyepita kabla ya wenziwe kufika, ilhali Rosetta alikuwapo, akipiga mbele ya maelfu, katika miaka ile ile waliyovuma akina Berry. Kumweka fungu hilo ni kumkalisha mwenye nyumba barazani, wageni wakila ukumbini. Fungu la wasanii lipo, na humo ndimo anamostahili kuhamishiwa.