Safari ya "Maskini": Hoja Kuhusu Asili ya Maneno Yetu

Mara nyingi mwanafunzi wa Kiswahili hukabiliwa na dai kwamba lugha hii ni Kiarabu kilichovikwa vazi la Kibantu. Ushahidi unaotolewa ni msamiati: maskini, hekalu, tarjumani. Kamusi zetu nazo, zinapotaja asili ya maneno hayo, kwa kawaida huishia kwenye Kiarabu. Kwa maoni yangu, ufupisho huo unatunyima nusu ya kisa.

Tulitazame neno "maskini". Kabla ya kuingia katika Kiarabu, lilipitia Kiaramu; na kabla ya hapo lilikuwa muškēnum la Kiakadi, lugha ya Babeli, katika Iraki ya leo, iliyoandikwa kwenye vibao vya udongo. Katika sheria za Hammurabi, za karne ya 18 K.K., muškēnum alikuwa mtu wa tabaka lililo chini ya mwungwana na juu ya mtumwa. Mwungwana aliyempofua mwungwana mwenziwe alipofuliwa naye; aliyempofua muškēnum alilipa mina moja ya fedha, yaani takriban nusu kilo. Wataalamu hulihusisha neno hili na kitenzi chenye maana ya kusujudu. Aliyemwinamia mkubwa ndiye, karne zilipopita, aliyekuja kuitwa fukara.

"Tarjumani" naye ni targumannum, mkalimani anayetajwa katika vibao vya wafanyabiashara wa Ashuru takriban miaka 4,000 iliyopita. "Hekalu" ni ekallu, kasri. Na Waakadi wenyewe waliliazima kutoka Kisumeri: e-gal, "nyumba kubwa".

Basi ikiwa Kiarabu kiliazima na hakuna anayekiita lahaja ya Kiakadi, na Kiakadi kiliazima na hakuna anayekiita Kisumeri kibovu, kwa nini Kiswahili pekee kishtakiwe kwa kuazima? Lugha hutambulika kwa sarufi yake. Tulipompokea maskini tulimpa "umaskini" na "kimaskini" kwa viambishi vyetu wenyewe.

Huenda wapo watakaosema kwamba kamusi si kitabu cha historia. Naam, lakini mshale mmoja zaidi, kutoka Kiarabu hadi Kiaramu na Kiakadi, hauchukui hata mstari mzima.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Sisi hatujaiacha asili. Tumeishia njiani tu. Wapenzi wa Kiswahili, tuimalizie safari.