Kuweka PHP si kazi, kazi ni kuitunza

Leo nina swali ambalo mafundi wetu wa kompyuta hapa Bukoba hawapendi kuulizwa: ukishaweka PHP kwenye seva ya watu, nani anabaki nayo?

Kwa asiyejua, PHP ni lugha ya kuandikia programu aliyoitoa Rasmus Lerdorf mwaka 1995. Tovuti nyingi, blogu za WordPress zikiwemo, zimeandikwa kwa lugha hiyo. Seva haiielewi mpaka iwekewe programu ya kuisoma. Kuiweka ni amri moja tu na dakika chache. Fundi anachukua chake, anapanda basi kurudi Mwanza.

Tatizo linakuja baadaye. PHP 5.6 iliacha kupewa marekebisho ya usalama mwishoni mwa 2018, na 7.4 Novemba 2022. Likionekana tundu leo, waandaaji wake hawalizibi tena. Na huwezi kurukia toleo jipya hivi hivi: toleo la 7, lililotoka Desemba 2015, liliondoa amri za zamani za kuongea na hifadhidata ya MySQL. Tovuti inayotegemea amri hizo inakufa papo hapo. Ndiyo maana watu wanaogopa kugusa.

Kikundi kimoja huko Muleba kina majina na namba za simu za wanachama wake kwenye seva yenye PHP 5. Nilipouliza kwa nini, jibu likawa, "Aliyeiweka hapatikani." Wezi wa mtandaoni wao wanapatikana, tena saa zote!

Wapo wanaosema dawa ni kununua seva mpya. Sikubaliani nao. Kwetu Kagera nani anapanda mgomba akaondoka? Kibanja kinapaliliwa, kinawekewa samadi, mgomba unapunguzwa machipukizi. Siku ya kupanda ndiyo kazi inaanza.

Kwa hiyo mkataba useme nani atabadilisha toleo, lini, kwa malipo gani. Siku hizi kila toleo la PHP linatunzwa miaka 4, kwa hiyo bajeti inapangika. Programu yenyewe ibaki mikononi mwa wenye tovuti, mabadiliko yajaribiwe kwanza kwenye nakala, na kijana wa hapo hapo Muleba akae pembeni ya fundi ajifunze.

Bila hivyo, tunalipia tovuti huku tukiwaanika wanachama wetu. Au nimekosea? Mnasemaje, wadau?