Soko la wachezaji: Mbeya inauza njemke

MFANYABIASHARA wa Ngonga, wilayani Kyela, anaijua njemke. Ni kakao inayouzwa mbichi kwa mlanguzi, kabla ya kuchachushwa na kukaushwa. Muuzaji hupata fedha ya haraka, na faida huenda kwa aliyesubiri mnada. Soko la wachezaji wa mpira katika Nyanda za Juu Kusini linakwenda hivyo hivyo, na mwenye kubeba hasara ni mshabiki.

Mfano ni Mbeya City. Timu hiyo ya Halmashauri ya Jiji ilianzishwa mwaka 2011, ikaingia Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kushika nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga. Simba iliachwa chini yake. Mwaka 2015 Deus Kaseke alikwenda Yanga, na kocha Juma Mwambusi akafuata huko huko kuwa msaidizi. Msimu wa 2022/23 timu ikashuka daraja, na ikarejea Ligi Kuu msimu wa 2025/26.

Hapo walihama watu. Kwa Ihefu ya Mbarali ilihama timu nzima. Novemba 29, 2022, pale Ubaruku, Ihefu iliifunga Yanga mabao 2-1 na kukatisha mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa. Mwaka 2024 timu hiyo ikahamia Singida, na msimu wa 2024/25 ukaanza ikiitwa Singida Black Stars. Mshabiki wa Ubaruku alibaki na jezi ya timu isiyokuwapo.

Mchezaji halaumiwi. Umri wake wa kazi ni mfupi, na goti likivunjika hakuna wa kumlipa. Clatous Chama alipomaliza mkataba Simba mwaka 2024 akavuka kwenda Yanga, alitumia haki yake. Mwenye mzigo huuza kwa anayetoa bei nzuri.

Wala fedha si adui. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walitia saini mkataba wa matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Sh bilioni 225.6, wastani wa zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka. Sehemu ya fedha hiyo inatoka mfukoni mwa mwananchi anayelipia king'amuzi, akiwamo mwenye kibanda cha kuonyesha mpira kando ya Ziwa Nyasa. Mteja huyo ana haki ya kuuliza anapata nini.

Hata Marekani swali ni hilo. Hadi mwaka 2021 wachezaji wa vyuo walikatazwa kuuza hata majina yao kwa matangazo. Juni 2025 mahakama iliridhia vyuo viwalipe moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Siku hizi mchezaji anaweza kuhama chuo kila mwaka. Haki ya kijana imepatikana, lakini mshabiki hujifunza majina mapya kila msimu.

Dawa si kumfunga mchezaji kamba. FIFA hutaka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. TFF iweke fungu kama hilo kwa kila uhamisho wa ndani, na mnunuzi asisajiliwe mchezaji kabla hajalilipa. Klabu za mikoani nazo ziache kusaini mikataba ya msimu mmoja. Mkataba ukiisha, mchezaji huondoka bure.

La pili ni jina na uwanja wa nyumbani. Katika mabadiliko ya Simba yaliyoanza 2017, mwekezaji Mohammed Dewji alipangiwa hisa asilimia 49 kwa Sh bilioni 20, na wanachama 51. Kwa mpango huo, hakuna wa kuihamisha Simba usiku. Timu ndogo zinahitaji kinga hiyo kuliko hata kubwa.

Mwekezaji mdogo anayeombwa kuchangia timu ya wilaya aulize kwanza mambo mawili: mikataba ya wachezaji inakwisha lini, na nani ana saini ya kuihamisha timu. Asipojibiwa, fedha yake ibaki kwenye mpunga. Shamba la mpunga halihami.