Neno la Mhariri: Hofu Iliyotangulia

Msomaji apitiaye kwa haraka hadithi fupi za mambo ya ghaibu zilizoandikwa Uhispania katika karne ya 19 hakosi kudhani kwamba hatari yote imo katika umbo la mwanamke. Na dhana hiyo, iliyokubaliwa mno bila ya kupelelezwa, ndiyo tuliyokusudia kuipinga katika toleo hili.

Gustavo Adolfo Bécquer ndiye aliyeipamba kuliko wote. Katika «Los ojos verdes» ya mwaka 1861, bibi wa chemchemini, mwenye macho ya kijani, anamkumbatia Fernando hata akazama. Lakini Fernando alikwisha kuonywa na mwindaji wake asikanyage pale, akapuuza. Katika «El monte de las ánimas», Beatriz anamchochea Alonso arudi mlimani usiku wa Marehemu kutafuta utepe wake wa buluu, na kwa kiburi hicho analipishwa kufa kwa hofu, kisha kukimbizwa milele, miguu mitupu, kulizunguka kaburi la kijana yule. Hukumu hiyo naiona nzito kuliko kosa.

Ila ushahidi ulio wazi zaidi umo katika «La mujer alta» ya Pedro Antonio de Alarcón, ya mwaka 1881. Telesforo anakutana usiku, katika njia za Madrid, na bibi kizee mrefu mwenye kipepeo cha kujipepea mkononi, na kila baada ya kumwona hupatwa na msiba. Kisa kinatisha kwelikweli. Walakini Telesforo mwenyewe anakiri kwamba tangu utotoni hakuna kilichomtia kiwewe kama kumkuta mwanamke peke yake njiani usiku wa manane. Hofu, basi, ilikuwapo kabla ya bibi yule, ikimngojea. Na bibi huyo anapomwuliza Telesforo kwa nini alimwogopa tangu siku ya kwanza, bwana yule hana jawabu la maana.

Emilia Pardo Bazán, katika «La resucitada» ya mwaka 1908, alituingiza ndani ya nafsi ya anayeogopwa. Dorotea anazindukana kaburini, anarejea nyumbani kwa furaha, na mume na watoto wanamwepuka, hata akarudi kaburini kwa miguu yake mwenyewe. Tumekitanguliza kisa hiki, ingawa kwa tarehe ndicho cha mwisho, ili msomaji atakapomfikia bibi wa Alarcón awe amekwisha kuionja dhiki ya kukimbiwa na watu bila ya kuwatendea ubaya.