Mraba mmoja ulivyonilaza gizani

Mimi bado nina hasira. Wiki iliyopita nimelala gizani siku mbili, na wala umeme haukukatika mtaani. Hela ya luku ilichukuliwa na dogo, mtoto wa mama mdogo, yuko kidato cha pili. Tena kwa gemu iliyomzidi umri: StarCraft, ya mwaka 1998!

Tuliunganisha kompyuta mbili sebuleni kwao, tukawekeana elfu kumi. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikajenga minara ya makombora kuizunguka ngome yote. Nikajisemea, hapa hapiti hata mbu.

Dogo akaja taratibu na mijidude yake inayoruka, inaitwa Guardian. Ikasimama hewani kwa mbali, ikaanza kutema. Minara kimya! Haikurusha hata kombora moja. Wa kwanza chali, wa pili chali. Nikapiga kelele kwamba kompyuta mbovu.

"Kaka, kompyuta nzima. Hesabu zako ndizo mbovu," dogo akanijibu.

Sikia basi. Ramani ya gemu hiyo hupimwa kwa miraba, kama ubao wa drafti. Kombora la mnara linafika miraba 7. Guardian anatema miraba 8. Basi! Ni mraba mmoja tu, lakini akisimama pale kwenye wa 8, mnara hauna habari naye. Silaha za gemu hazibahatishi: adui akiwa ndani ya kipimo zinafyatua, akiwa nje zinanyamaza.

Halafu kufika siyo kuona. Kuna kifaru, Siege Tank, kikishajikita chini mzinga wake unafika miraba 12, ila macho yake mwisho 10. Bila mwenzake kutangulia kuchungulia, ile miwili ya mbele ni bure. Na adui akikiganda karibu, chini ya miraba 2, mzinga haumpati.

Dawa ya Guardian? Goliath. Makombora yake ya kupiga angani hufika miraba 5, lakini ukiyalipia Charon Boosters, mambo yaliyoletwa na Brood War mwaka huohuo wa 1998, yanafika 8. Hapo ngoma droo, mwenye wengi ndiye mbabe.

Jumapili nikakopa elfu kumi kwa jirani, nikarudi na Goliath zangu zimekamilika. Guardian zikadondoka kama maembe, ile mbaya! Dogo kanuna, mimi nacheka mpaka jino la mwisho.

Nanyoosha mkono kuchukua noti zangu, mama mdogo huyoo katokea jikoni. "Mnacheza kamari nyumbani kwangu?" Akazikusanya zote, akazifunga kwenye pindo la khanga.

Kumbe nilipima minara, nikapima na Goliath, mkono wa mama mdogo nikausahau. Na jirani anataka chake Ijumaa.

Tuonane wiki ijayo, luku ikiruhusu!