Kalamu Nyekundu Haiponyi Mkorosho

Mwezi wa saba, mama mmoja wa upande wa Kitangari aliuliza swali kwenye kundi la simu la wakulima wa Newala na Masasi. Maua ya mikorosho yake yamefunikwa na kitu cheupe mithili ya unga wa muhogo, na mengine yameanza kukauka. Afanyeje? Nusu saa haikupita, mzee mmoja akamjibu: "Hiyo ubwili unga. Piga salufa asubui na mapema umande ukiwepo, kopo moja kwa mti, usingoje."

Hilo ni jibu la mtu anayejua. Umande ndio unaoshikisha vumbi la salfa kwenye maua, na alfajiri ndiyo saa ambayo upepo wa huku juu umelala. Ukisubiri jua lipande, salfa yako inakwenda kwa jirani.

Kisha akaja msahihishaji. Akaandika kwamba ni ubwiri, si ubwili. Ni salfa, si salufa. Na asubuhi ina h. Akalirudisha jibu lote kundini likiwa limenyooka, na pale palipokuwa na "kopo moja" akaweka gramu. Watu wakammiminia vidole gumba. Mama wa Kitangari akauliza tena: salfa ipi, ya unga au ya maji? Hakuna aliyemjibu, na yule mzee hakuandika tena msimu mzima.

Nina ugomvi na vile vidole gumba. Vinatokana na imani iliyoota mizizi ndani yetu, kwamba kulisaidia andiko la mwenzako ni kulinyoosha herufi. Tunaiamini ofisini, shuleni, msikitini na kanisani, na nasema ni imani potofu inayotugharimu.

Hebu tuanze na zile gramu. Msahihishaji alizipata wapi? Hakumuuliza mzee kopo lake ni la maziwa au la rangi, wala limejazwa hadi wapi. Kopo lilikuwa kipimo cha kweli chenye pengo, na pengo lile lilionekana, yeyote angeweza kuuliza "kopo gani?" Gramu zilifunika pengo. Zilionekana kama kitu kilichopimwa kwenye mizani, kumbe kimepimwa kwa macho ya mtu aliyeketi na simu. Neno "ubwili" halijaua mkorosho hata mmoja, lakini kipimo cha kubuni kinaweza kumlia mkulima fedha za msimu.

Na swali la mama halikuwa dogo. Anayeishi Newala analielewa bila kuelezwa. Maji yetu hupandishwa kwa mitambo kutoka bondeni, na mitambo ikisimama ndoo inanunuliwa. Bibi zetu walishuka mteremko na kuupanda tena na mtungi kichwani kwa ajili ya maji ya kunywa tu. Dawa ya maji inataka uwe na maji ya kuchanganyia. Salfa ya unga inapulizwa kavu. Kwa hiyo "ipi?" ni swali la kama kazi inawezekana au haiwezekani. Jibu la mzee lilikosa neno moja, na neno hilo ndilo lililopaswa kuongezwa kabla ya herufi yoyote kuguswa.

Wengi wetu tulianza kusema kwa Kimakonde au Kiyao, ambako r ni mgeni. Tunapoandika l mahali pake, kila mtu wa hapa anaelewa. Lakini mzee aliyesahihishwa herufi mbele ya watu mia mbili haelewi kwamba amesaidiwa. Anaelewa kwamba amekumbushwa aliishia darasa la ngapi. Ananyamaza, na miaka arobaini ya kupuliza mikorosho inanyamaza pamoja naye. Hasara hiyo haionekani kwa sababu hakuna anayehesabu majibu ambayo hayakuandikwa.

Najua imani hii ilikotoka. Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliunda kamati ya lugha ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na vitabu vikawa vinapita kwake kupata ithibati ya lugha. Kazi ile ina faida zake: mtoto wa Masasi na mtoto wa Mombasa wanasoma kitabu kimoja na kuelewana. Sisi tukachukua muhuri tukaacha kazi. Shuleni nilirudishiwa insha kuhusu kisima cha kijijini kwetu ikiwa imejaa miduara myekundu, na hakuna aliyeniuliza kama kisima kile kilikuwa na maji. Tulifundishwa hivyo, na sasa tunafundishana hivyo.

Wako waliohariri kweli, na wana uhusiano na ardhi hii. Edward Steere, askofu aliyefika Masasi mwaka 1876 kuanzisha makazi ya watu waliokombolewa utumwani, alikuwa ameshatoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870. Alifariki mwaka 1882. Miaka miwili baadaye mwenzake wa misheni, A. C. Madan, alikitoa kitabu kile upya, kimepitiwa na kupanuliwa, na jina la Steere likabaki juu yake. Mwanafunzi wa toleo lile alipata zaidi ya aliyemtangulia, na mwenye kazi hakufutwa.

Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, kabla ya kuwa rais alikuwa mhariri. Alishika magazeti ya The Nationalist na Uhuru mwaka 1966, baadaye Daily News, na mwaka 1976 akawa mkurugenzi wa kwanza wa shirika la habari la Shihata. Nani amesema, lini, wapi: hayo ndiyo maswali ya chumba cha habari. Habari isiyo na siku wala mahali hurudishwa kwa aliyeileta, hata kama tahajia yake haina doa.

Siku! Mwaka 2018 wakulima waligomea bei za minada, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Miaka kadhaa baadaye nilitumiwa tangazo la bei hiyo likiwa halina mwaka, na kijana aliyenitumia alikuwa anamshauri baba yake asipeleke mzigo chama cha msingi kwanza. Kiswahili chake kilikuwa safi kabisa. Tarakimu nne, 2018, zingelifanya lisimdanganye mtu.

Mtaniambia lugha nayo ina heshima yake. Ina heshima, nami naipenda. Pale ambapo herufi inageuza maana, rekebisha bila kusita: tangazo la mkutano wa ushirika likisema "leo ni siku ya kula", kuna watakaokuja na njaa na watakaokosa kura. Na ukishajaza pengo la maana, safisha tahajia ukiwa humo humo. Ninachokataa ni kuanzia na kuishia hapo. Nakataa pia tabia ya kumgeuzia mtu maneno. Kama unaona mzee amekosea, andika jibu lako pembeni kwa jina lako, wasomaji wapime.

Msimu uliofuata nilimtafuta yule mzee wa kopo. Nilimwamkia, nikamuuliza kopo gani. Akaingia ndani akalileta: la maziwa ya unga, limepigwa msumari alama ya kimo. Tulilipeleka kwa bwana shamba likapimwa kwenye mizani. Mzee akaeleza kwamba ni salfa ya unga, kwamba unaanza maua yanapochomoza na si yanapokwisha kugeuka, kwamba mara moja haitoshi bali unarudia kila baada ya majuma kadhaa, na kwamba pua na mdomo lazima vifungwe kitambaa. Nikayaandika hayo chini ya jibu lake, kwa jina lake na kwa idhini yake, na mwezi na mwaka. "Ubwili" niliuacha ulivyo.

Mama wa Kitangari alirudi asubuhi yake. Safari hii aliuliza mashine ya kupulizia nani anaikodisha, na mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kumjibu.